Majasusi wa ufalme wako wa kubuni: uige London, Venice au Istanbul?

Wengi wanaoandika stori za falme za kubuni, iwe riwaya, iwe tamthilia, iwe gemu la mezani la kucheza na washkaji wikiendi, wakifika kwenye majasusi wanafanya kitu kile kile: wanamvalisha mtu joho jeusi, wanampa kisu na kichupa cha sumu, wanamficha nyuma ya pazia, basi, imeisha hiyo. Halafu ikifika sura ya tano stori inakwama, kwa sababu yule mtu kasikia siri nzito kweli kweli na mwandishi mwenyewe hajui aipeleke wapi. Amwambie mfalme? Atamfikiaje? Na akimfikia, kwa nini aaminiwe yeye mtu wa nyuma ya pazia?

Ukiniuliza mimi, swali la kwanza sio jasusi wako ni nani. Swali ni hiyo siri inaishia kwenye meza ya nani. Ukishalijibu hilo, mambo mengine yanajipanga yenyewe, nani analipa, nani anaogopwa, nani atakatwa kichwa kimakosa. Na zipo ikulu tatu za kweli za karne ya 16 na 17 zilizolijibu kila moja kivyake, ndo maana nazileta hapa: London ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambako siri ilienda kwa mtu mmoja, Venice, ambako ilienda kwa kamati, na Istanbul ya masultani wa Uturuki, ambako ilienda kwa ndugu wa nyumbani. Huhitaji kunakili majina wala mavazi, unachukua mifupa tu halafu nyama unaweka mwenyewe.

Vigezo tutakavyotumia

Ili tusioneane, zote tatu nazipima kwa vitu vile vile vitano. Habari inaishia kwa nani. Hela inatoka wapi, maana jasusi asiyelipwa huuza kwa mwingine na hilo halichagui ufalme. Kazi inafanyikaje kwa mikono, yaani barua, mihuri, milango, nani anapita wapi bila kuulizwa. Inapoharibika inaharibikaje na nani analia, na hapa kwa mwandishi ndo penye utamu wote. Mwisho inamfaa mwandishi wa aina gani. Kigezo cha nani alikuwa hodari zaidi sijakiweka, makusudi kabisa, kwa sababu wewe huajiri majasusi, wewe unatafuta stori, na mfumo mbovu mara nyingi unazaa stori tamu kuliko mfumo uliokaa sawa.

London: mtu mmoja na makaratasi yake

Elizabeth alitawala kuanzia 1558 hadi 1603. Nchi ndo kwanza imebadili dini mara kadhaa ndani ya miaka michache, malkia hana mume wala mtoto, na mtu mwenye dai zito la kurithi kiti, Mary wa Scotland, yupo humo humo nchini, amefungwa kwenye nyumba za makabaila mwaka baada ya mwaka. Yaani mpinzani wako unamlisha mwenyewe na kumfulia.

*Habari inaishia kwa nani.* Kwa Sir Francis Walsingham, katibu wa malkia tangu 1573. Huyu jamaa mwaka 1572 alikuwa balozi Paris wakati Waprotestanti wanachinjwa siku ya Mtakatifu Bartholomayo, yaliyotokea aliyaona akiwa pale pale, na toka hapo hakuna mtu angemwambia eti hatari imetiwa chumvi. Barua za majasusi zilikuja kwake, yeye ndo anaamua ipi ifike kwa malkia, lini, na kwa maneno gani. Hakuwa peke yake kabisa, mzee Burghley, mshauri mkuu wa malkia, naye alikuwa na watu wake, ila kwa miaka mingi ukitaka kujua siri za nchi zimelala wapi ni kwenye makabati ya Walsingham.

*Hela.* Hapa ni aibu tupu. Fungu rasmi la kazi za siri lilianza kutoka mwaka 1582 na halikutosha, malkia alikuwa mkono wa birika, kwa hiyo mzee alikuwa anatoa mfukoni. Alifariki Aprili 1590 akiwa na madeni, akazikwa usiku bila shughuli yoyote. Hebu fikiria mhusika wa namna hiyo kwenye stori yako: kila kabaila anamwogopa na yeye mwenyewe anawakwepa wanaomdai.

*Kazi inafanyikaje.* Hii ntaikalia kidogo kwa sababu ni somo zima. Desemba 1585 Mary kahamishiwa nyumba ya Chartley, haruhusiwi barua. Mwezi huo huo kijana mmoja anaitwa Gilbert Gifford anakamatwa akiingia nchini akitokea Ufaransa kwa watu wa Mary, anapelekwa kwa Walsingham, anatoka hapo akiwa ndumilakuwili. Gifford anamwambia Mary kuna njia: mpika bia anayeleta mapipa pale nyumbani anaweza kupitisha barua, unaifunga ndani ya kifuko cha ngozi, unaichomeka kwenye kizibo cha pipa. Mary anafurahi, baada ya miezi ya ukimya hatimaye anaongea na dunia. Kumbe kila barua ikitoka inapita kwa Thomas Phelippes, fundi wa kufumbua maandishi ya siri, anaisoma anainakili, halafu Arthur Gregory ambaye kazi yake ni kufungua mihuri na kuirudishia kama haijaguswa anaifunga, inaendelea na safari. Na mpika bia? Analipwa na Mary, analipwa na serikali, na juu ya hapo akadai bei ya bia yenyewe ipandishwe. Mlinzi wa Mary, Sir Amias Paulet, alilalamika kwa maandishi kabisa. Huyo mpika bia kwangu mimi ndo mhusika bora kuliko wote kwenye mkasa mzima, hana dini wala chama, anafanya biashara.

Mary alimwona Phelippes pale Chartley. Akamwelezea kwenye barua: mfupi, mwembamba, nywele za manjano, uso una makovu ya ndui, haoni mbali. Alimtazama mtu atakayemuua akabaki kumwandika mwonekano.

*Inapoharibika.* Julai 1586 kijana wa miaka 24, Anthony Babington, anamwandikia Mary mpango wa kumuua Elizabeth, Mary anajibu. Phelippes anafumbua jibu halafu anachora juu yake alama ya mti wa kunyongea. Lakini hawakuishia hapo, wakaongeza maneno mwishoni mwa barua kwa maandishi yale yale ya siri, kana kwamba ni Mary anaomba majina ya wale mabwana sita waliopangwa kumuua Elizabeth. Sasa hapo utajiuliza, huyu katibu anakamata njama au anaimwagilia maji ikue? Hilo swali watu wanalibishania mpaka leo na ndo udhaifu wa mfumo huu, mtu mmoja akishika kila barua hakuna wa kumkagua. Babington aliuawa Septemba 1586, Mary akakatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587. Elizabeth, ambaye hati ya kifo alisaini mwenyewe, akageuka akasema hakutaka itumwe, akamtupa jela William Davison, katibu mwenzake Walsingham. Gifford naye alikamatwa Paris kwenye danguro akafia gerezani 1590. Na Walsingham alipokufa mtandao wote ukayumba kwa sababu ulikuwa umekaa kichwani mwake, miaka ya 1590 Earl wa Essex, kabaila kipenzi cha malkia, na Robert Cecil, mtoto wa Burghley, wakawa wanashindana kila mmoja na wapelelezi wake, na ushindani wa wapelelezi maana yake ni kila upande unatafuta njama ya kumwonyesha malkia hata kama haipo.

*Inamfaa nani.* Anayetaka stori ya upelelezi yenye fumbo la kufumbua, wahusika wachache, ndumilakuwili mmoja mzuri, na bosi ambaye msomaji hajui ampende au amchukie. Ukiwa mwandishi mgeni anzia hapa, ni rahisi kuidhibiti.

Venice: kamati

Venice haikuwa ufalme, ilikuwa jamhuri ya koo za kitajiri na mkuu wake aliitwa Doge. Usiogope hilo, ufalme wako unaweza kuwa na mfalme wa jina tu na nguvu zikakaa kwa baraza.

*Habari inaishia kwa nani.* Kwa Baraza la Kumi. Lilianzishwa 1310 baada ya uasi wa Bajamonte Tiepolo, ule ambao inasimuliwa bibi mmoja aliangusha kinu cha mawe dirishani kikampiga mshika bendera wa waasi wakasambaratika, na zawadi aliyoomba ni kodi ya nyumba yake isipandishwe (bibi ana akili). Baraza lilikuwa la muda tu, la kumalizia kesi za uasi. Mwaka 1335 likafanywa la kudumu, na wanaojua kamati za muda hawatashangaa. Wajumbe kumi wanachaguliwa kwa mwaka mmoja, huwezi kurudi mara moja baada ya muda wako, ukoo mmoja hautoi wawili, viongozi ni watatu na wanabadilishana kila mwezi. Wanakaa na Doge na washauri wake sita, kwa hiyo chumbani ni watu 17. Doge mwenyewe haruhusiwi kufungua barua ya mtawala wa nje bila washauri wake kuwepo. Unaona? Kila mtu anamchunga kila mtu. Toka 1539 wakaongeza wachunguzi watatu maalumu kwa ajili ya siri zinazovuja, yaani kamati ya kuichunga kamati.

*Hela.* Ipo, tena ya serikali. Na zaidi ya hela kuna wafanyabiashara: mtu wa Venice aliyeko Syria au Misri anaandika nyumbani bei ya pilipili, na kwenye barua hiyo hiyo anaandika meli ngapi za kivita kaziona bandarini. Mabalozi nao wakirudi lazima wasome mbele ya Seneti ripoti ndefu ya nchi waliyotoka, mtawala yukoje, afya yake, madeni yake, nani anamsikiliza.

*Kazi inafanyikaje.* Kiofisi. Ukitembelea ikulu ya Doge leo utaona ukutani sura imechongwa kwa jiwe na mdomo umeachwa wazi kama tundu la posta. Hiyo inaitwa mdomo wa simba. Unaandika unachomjua jirani yako, unachomeka, upande wa pili wa ukuta kuna sanduku linafunguliwa na wenye funguo tu. Hakuna kupanda ukuta usiku hapo, ni kuchongeana kwa utaratibu. Humo humo ikuluni kulikuwa na makatibu wa maandishi ya siri, maarufu wao ni Giovanni Soro, aliyeajiriwa kazi hiyo 1506 na akawa hodari kiasi kwamba hata Papa alikuwa anamtumia barua za watu wengine amfumbulie.

*Inapoharibika.* Antonio Foscarini. Alikuwa balozi, kahudumia Ufaransa na Uingereza, mtu mzito. Mwaka 1622 wachongezi wakapeleka habari kwamba anakutana kisiri na watu wa nchi za nje nyumbani kwa mama mmoja wa Kiingereza, Countess wa Arundel, aliyekuwa anaishi Venice. Baraza likakaa, likapiga kura, Foscarini akanyongwa gerezani usiku na asubuhi watu wakaamka wakakuta mwili unaning'inia kwa mguu uwanjani kati ya nguzo mbili. Ni kimya kimya, hakuna aliyeona kesi. Kilichokuja baadaye ndo kinanifanya niipende Venice kwa stori: yule mama wa Kiingereza hakukimbia, alienda mwenyewe mbele ya Doge kukana, na kabla mwaka haujaisha mchongezi mkuu, Gerolamo Vano, naye akauawa. Januari 1623 Baraza likatangaza hadharani kwamba lilimuua mtu asiye na hatia. Taasisi inayoogopwa kuliko zote mjini inasimama inasema tulikosea, na haiwezi kumlaumu mtu mmoja kwa sababu walipiga kura wote.

Na ukidhani cheo kinakulinda, Doge Marino Faliero alijaribu kupindua nchi ili awe mtawala kamili, Aprili 1355 wakamkata kichwa. Kwenye ukumbi mkubwa wa ikulu zimepangwa picha za madoge, nafasi yake wamechora kitambaa cheusi.

*Inamfaa nani.* Anayependa siasa, kura, makundi, mikutano ya faragha, na hofu ambayo haina sura. Hapa adui hana jina, ukimuua mjumbe mmoja mwakani kuna mwingine. Ni ngumu kwa anayetaka steringi wa kupigana, maana steringi atapigana na nani, na karani? Lakini kwa gemu la watu sita wanaopenda kusalitiana mezani hakuna kinachoifikia.

Istanbul: nyumba

Hapa kwanza onyo. Habari nyingi za ndani ya nyumba ya wanawake ya sultani ziliandikwa na mabalozi wa Ulaya ambao mlango wenyewe hawakuwahi kuuvuka, wakajazia kwa tamaa zao. Ukiiga picha zile za mito ya hariri na masuria wamelala lala utakosa mali yenyewe, maana ile ilikuwa taasisi yenye vyeo, mishahara, na wanawake wasomi wanaoandikiana barua na watawala.

*Habari inaishia kwa nani.* Kwa yeyote aliye karibu na sikio la sultani. Inaweza kuwa mama yake, mke, waziri mkuu, mkuu wa matowashi. Hakuna ofisi moja, kuna milango, na nguvu ni kujua leo mlango upi uko wazi. Kwenye ikulu ya Topkapı chumba cha baraza la mawaziri kina dirisha la nondo juu ya kiti cha waziri mkuu, nyuma yake sultani anaweza kukaa akasikiliza asionekane. Sasa we ni waziri, unaongea, hujui kama leo yupo au hayupo. Unaongeaje?

*Hela.* Zawadi, ardhi, vyeo. Mama wa sultani ana mapato yake makubwa na watu wake. Na hapa habari hainunuliwi kwa kipande kama London, unamlea mtu miaka kumi, unamwozesha, unampa cheo, halafu siku moja anakulipa kwa neno moja.

*Kazi inafanyikaje.* Kwa ukimya. Kelele mbele ya sultani ni utovu wa adabu, ikuluni kulikuwa na watumishi mabubu na lugha yao ya ishara ikawa inatumika na wakubwa wenyewe, kwa hiyo unaweza ukasimama chumbani mambo mazito yanapangwa mbele ya macho yako na usijue kitu. Wanawake wa ndani hawatoki, basi kuna wanawake wafanyabiashara wa Kiyahudi wanaoingia na vito na vitambaa, wanatoka na ujumbe. Mmoja wao, Esperanza Malchi, alimtumikia Safiye, mama wa Sultani Mehmed wa Tatu, na mwaka 1599 alimwandikia Elizabeth wa London kwa niaba ya Safiye akiomba maji ya uso na mafuta ya mikono, na akasisitiza vitu vipitie mkononi mwake. Unaona alivyojiweka katikati? Mwaka uliofuata askari wenye hasira kuhusu mishahara wakamuua.

*Inapoharibika.* Inaharibika kwenye urithi, kila mara. Watoto wa kiume wa sultani wote wanaweza kurithi, mmoja ndo atakaa, wengine hawabaki. Mehmed wa Tatu alipokalia kiti 1595 ndugu zake 19 waliuawa. Kwa hiyo mama anayefanya fitina sio roho mbaya tu, anapigania mwanawe asinyongwe. Ukiandika fitina za namna hii bila kuuweka huo uzito utapata mabibi wanaogombana, basi.

Mfano mkubwa ni Mustafa, mtoto mkubwa kati ya waliobaki hai wa Sultani Süleyman, kipenzi cha wanajeshi. Mama yake sio Hürrem, mke wa sultani, na Hürrem ana wanawe. Oktoba 1553 Süleyman yuko safarini kivita, anamwita Mustafa hemani, kijana anaingia, ananyongwa. Watu wa wakati ule walimlaumu Hürrem na mkwe wake Rüstem Pasha, waziri mkuu, kwamba walimjaza sultani maneno kuwa kijana anapanga kupindua. Jeshi likachafuka, Rüstem akaondolewa. Halafu 1555 aliyechukua nafasi yake akauawa, Rüstem akarudi kitini. Huyu Rüstem ana kisa kingine kinachosimuliwa: alipotaka kumwoa binti wa sultani maadui wakaeneza kwamba ana ukoma, akatumwa tabibu mpaka Diyarbakır, mkoa aliokuwa gavana, kumkagua, tabibu akamkuta na chawa kwenye nguo, na kwa imani ya wakati ule mwenye ukoma hashikwi na chawa, basi ndoa ikapita. Chawa halisi huyo, sio hawa wa mjini wanaosifia mabosi.

Na usaliti wa ndani: Kösem, mwanamke aliyekuwa na nguvu kwa miaka mingi chini ya masultani kadhaa, mwaka 1651 alipanga kumwondoa mjukuu wake kitini. Mtumishi wake Meleki akaenda akamwambia Turhan, mama wa huyo mjukuu. Usiku ule aliyeuawa ni Kösem.

*Inamfaa nani.* Anayetaka stori ya miaka mingi, vizazi, mapenzi na woga vimechanganyika, wanawake wakiwa katikati ya nguvu badala ya kupamba ukumbi. Inachosha kuipanga maana inabidi ujue ukoo mzima, nani mama wa nani, nani kamwozesha nani. Kwa hadithi fupi ya kurasa kumi usiiguse.

Siri moja ikipita njia tatu

Chukua siri hii hapa: mpishi kasikia mdogo wake mtawala anaandikiana na nchi adui. Itembeze.

Ufalme wako ukiwa wa aina ya London, mpishi anamwambia mtu wa katibu, analipwa kidogo, na hakuna anayekamatwa. Barua zinaachwa ziende, zinasomwa miezi, mpaka mdogo mtu aandike sentensi moja ya kumnyonga. Akigoma kuiandika kuna fundi anaweza kuiongeza. Mvutano wako ni kusubiri.

Ukiwa wa aina ya Venice, mpishi anachomeka karatasi ukutani na hatajua kamwe nani kaisoma. Watu 17 wanabishana, wengine ni marafiki wa mtuhumiwa, wengine wanamdai, kura zinahesabiwa, asubuhi kuna mwili. Swali la kama mpishi alisikia vizuri linakuja baadaye, au haliji.

Ukiwa wa aina ya Istanbul mpishi hamwambii jasusi, anamwambia mama. Lakini mama yupi, wa mtawala au wa mdogo mtu, maana ikulu ina mama zaidi ya mmoja, na mpishi alipandishwa cheo na nani? Siri hiyo hiyo inaweza kumuua mdogo mtu au kumkimbiza usiku huo huo kwa farasi, inategemea mpishi anakula kwa nani.

Sasa we uchague ipi

Kama unaandika hadithi fupi au msimu mmoja wa tamthilia na unataka mwisho unaobana, chukua London, na usimwache mpika bia. Mweke mtu wa kawaida katikati ya njia ya barua ambaye hana upande, stori itatembea yenyewe.

Kama unaendesha gemu na wachezaji wako ni wabishi, Venice. Kila mmoja mpe ukoo, mpe anachotaka na anachoficha, weka sanduku la kweli mezani wachomeke karatasi bila majina. Onyo tu, anzeni mkiwa mnapendana.

Kama ni riwaya ndefu au mfululizo, na hasa kama mhusika wako mkuu ni mwanamke mwenye mtoto wa kulinda, Istanbul. Ila kabla hujaandika sura ya kwanza chora ukoo kwenye karatasi na uandike sheria ya urithi ya ufalme wako kwa sentensi moja isiyo na utata, maana fitina zote zitatoka humo.

Kama unataka msomaji aogope serikali kuliko adui wa nje, Venice tena. Kama unataka amwogope mtu mmoja halafu mwisho amwonee huruma, London, na hayo madeni usiyasahau.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, usizichanganye ndani ya ikulu moja, itakuwa vurugu, zipe falme mbili jirani. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Venice ilipopigana na Uturuki kuanzia 1570, balozi wake Istanbul, Marcantonio Barbaro, alikuwa amefungiwa nyumbani chini ya ulinzi, na bado barua zake zilikuwa zinatoka, akisaidiwa na tabibu Solomon Ashkenazi ambaye alikuwa pia anamtibu waziri mkuu wa Uturuki. Hapo una kamati upande mmoja inasubiri barua, upande mwingine una nyumba yenye milango mingi, na katikati mtu na mkoba wake wa dawa anayeingia kote kote. Anza na huyo tabibu, mwandikie siku moja nzima ya kazi, utajua falme zako mbili zinafananaje kabla hujamtaja hata mfalme mmoja.